Pindo la Vidole Vinne

Mama fundi wa barazani hushona huku amebana pini tatu midomoni, kwa hiyo wateja huwajibu kwa nyusi. Kila gauni la mtoto huliachia pindo la vidole vinne, ili lifumuliwe mwenyewe akirefuka. "Mtoto hukua, kitambaa hakikui," husema akishatoa pini. Jirani yake, muuza mkaa, humtania: "Wewe hata mzee utamwachia pindo!"

Binti yake mwenyewe analelewa na bibi, mbali, maana chumbani kwake kikishaingia kitanda na cherehani, hata paka hana pa kujinyoosha. Jana msafiri aliyetoka huko alimletea gauni alilomshonea binti huyo miaka miwili nyuma. "Bibi anasema limepanda juu ya magoti, umshonee jingine. Siku hizi ananifika hapa," akagusa kifua chake. Fundi akampima msafiri kuanzia chini hadi pale alipogusa, kisha akalipindua gauni. Pindo lote lilikuwa limeshafumuliwa. Ilikuwa imebaki mikunjo mitatu iliyofifia, mmoja chini ya mwingine. Akaipapasa kwa kidole, polepole, kama anayempapasa mtoto magoti. Halafu akatandaza kitambaa kipya, akakata, akakunja pindo la kidole kimoja tu.

"Mwenzangu, leo umesahau?" muuza mkaa akamwuliza. "Hilo mwaka halimalizi."

Akatoa pini zote kwanza. "Sijasahau. Likimpungukia, nataka awe amesimama hapa mbele yangu, nimpime mwenyewe."