Aliyeshika Mfuko wa Mama

Kwanza niwataje waliokuwa kwenye mstari wa posho Jumamosi ile, ndio tuelewane. Mbele kabisa alisimama Mama Akinyi, mke wa Odera mpishi, mwanamke wa mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Nyuma yake Tapkigen, mke wa dereva wa trekta. Nyuma ya Tapkigen alikuwa Nyambura, mke wa Njoroge aliyekuwa msimamizi wa maziwa, na ubavuni mwake binti yake Wangari, ambaye mimi na yeye tulilala ngozi moja kwao au kwetu, popote usingizi ulipotukuta. Kisha wake za wakamuaji, na mama yangu Rasoa akiwa kati yao, kwa sababu baba yangu Amugune alikuwa mkamuaji. Kisha wapalilia kahawa, mstari mrefu, na nikianza kuwataja mmoja mmoja tutalala hapa. Mlangoni mwa stoo aliketi Festo karani, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale shambani, na labda ndiyo sababu Bwana mwenye shamba alimpenda. Mimi ni Kageha. Nilikuwa nimeshika nguo ya mama.

Sikuwa na nia ya kuyakumbuka haya. Ni wajukuu wangu. Juzi walikuja kuniona hapa Nakuru, wakaketi na sahani za githeri magotini, na hadithi yao yote ikawa mishahara. Mwalimu anapata hivi, nesi anapata vile, wa benki anaongezwa kila mwaka, wa juakali anajiongeza mwenyewe. "Wewe umekwama hapo, buda, hama hiyo kazi," mmoja anamwambia mwenzake. Halafu mjukuu wangu wa kike akanishika bega akasema, "Shosho, nimepandishwa cheo! Sasa mimi ndio mkubwa wa ofisi yetu."

Nikamwuliza, "Na aliyekuwa hapo kabla yako alienda wapi?"

Wakaangua kicheko. "Shosho naye! Si alitolewa tu."

Nikaweka kikombe chini polepole.

Rafiki yangu, siku hizi mshahara ni siri ya mtu na simu yake. Kwetu, kwenye shamba la Mzungu huko Subukia, mshahara ulisimama nje mchana, ukajifunga kitambaa kichwani, ukabeba mfuko. Hukuhitaji kuuliza fulani analipwa nini. Ulimtazama mkewe amesimama wapi siku ya posho. Unga ulianza kutolewa kwa mke wa mpishi, ukashuka mpaka kwa wa jembe. Watatu wa mbele walipata na sukari, imefungwa kwa karatasi. Sisi wengine tulipata chumvi. Watoto tulitukanana kwa hilo: "Baba yako bado yuko kwa chumvi!" Wangari alikuwa mtoto wa sukari, lakini hakuringa. Alilowesha kidole chake kwa mate, akakichovya kwenye karatasi ya mama yake, akaniletea nilambe.

Na kupanda kulikuwako, msidhani. Kijana alianza kwa ndama, akapewa unga na maziwa ya mashini, yale yaliyotolewa krimu yakabaki ya rangi ya maji. Akikomaa alipewa ng'ombe wa kukamua na shilingi zake zikaongezeka kidogo. Miaka ikipita, na mtu akizeeka au akirudi kwao, mkamuaji angeweza kuwa msimamizi, akavaa lile kabuti refu la shamba ambalo baridi ya asubuhi haikulipenya. Odera alianza kwa kupasua kuni, akaenda kwa sufuria, akaenda kwa pasi, ndipo akapewa mwiko. Wa jembe ndio hawakuwa na ngazi. Mtu alianza na jembe akazeeka na jembe.

Sasa mtu akipanda, mkewe alisogea mbele mstarini. Na palikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine tena. Mke wa yule aliyeiacha kazi ndiye aliyemshikia mgeni mdomo wa mfuko wakati unga unamiminwa. Maana yake, nafasi hii hukuninyang'anya, nimekupa. Hapo wanawake walipiga vigelegele, na karatasi ya kwanza ya sukari ikafunguliwa ikaliwa na watoto wote pale pale. Odera alipopewa jiko, mke wa mpishi mzee alimshikia Mama Akinyi mfuko huku akimwambia, "Nenepa, mama, lakini ungoje nifike stesheni kwanza." Watu wakacheka mpaka Festo akamwaga unga.

Na ukikataliwa kushikiwa? Nilisimuliwa kwamba ilitokea mara moja, kabla sijazaliwa. Watu wa nyumba ile hawakupewa hata kaa la moto. Wakahama.

Basi ikaja Hali ya Hatari. Mimi nilikuwa mtoto, siwezi kuwaeleza siasa yake. Naweza kuwaeleza sauti zake. Bwana wetu tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu alipiga mluzi akitembea, na mluzi huo ulituambia yuko wapi. Miezi ile aliacha kupiga mluzi. Ulimkuta tu nyuma yako, na bunduki begani. Wanawake waliacha kuimba kwenye kahawa. Mbwa wakibweka mchana, mama aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria na kubaki hivyo, mwiko mkononi, mpaka wanyamaze. Tuliogopa askari wa barabarani na tuliwaogopa watu wa msituni waliopigana na Wazungu, na kibaya zaidi tulianza kuogopana.

Asubuhi moja lori lilikuja. Wanaume wote waliokuwepo walichuchumalishwa mbele ya stoo, mikono kichwani. Kutoka kwenye lori alishuka mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani mpaka miguuni, limetobolewa matundu mawili ya macho. Alipitishwa mbele ya kila mmoja. Kwa Odera hakutikisika. Kwa dereva wa trekta hakutikisika. Kwa Njoroge gunia likainama, kidogo tu, kama mtu anayesinzia. Wakamwinua Njoroge wakamtupa kwenye lori. Nyambura alipiga hatua mbili, askari mmoja akamwambia, "Mama, utakanyagwa," kwa sauti ya upole, na huo upole ndio uliotutisha zaidi. Yule wa gunia akapanda mbele, kando ya dereva wa lori. Lori likaondoka. Hatukumwona uso.

Baba yangu hakuwa pale. Alikuwa ameenda na mkokoteni wa ng'ombe kupeleka makopo ya maziwa barabara kubwa, kazi ya kila siku, na siku ile akakawia. Alirudi jua likiwa utosini.

Mama Akinyi alimpokea njiani. "Amugune, leo lori la maziwa limechelewa sana, ama?"

"Limechelewa," baba akasema. "Kwani kuna nini?"

Mama Akinyi akamtazama, akatazama ng'ombe, akajiendea.

Baada ya siku chache Bwana alimwita baba. Aliporudi alikuwa amebeba kabuti mkononi. Lilikuwa lile lile la Njoroge, bado linanuka ugoro wake. Mama akasimama mlangoni.

"Hilo haliingii hapa."

"Rasoa, nimepewa usimamizi wa maziwa. Ni nyongeza. Watoto watakunywa chai ya sukari."

"Nyongeza ya nini? Watu watauliza ni nyongeza ya nini. Wewe pekee ndiye hukuchuchumaa pale."

Baba akalikunja kabuti mara mbili, kama mtu anayekunja kitu cha marehemu. "Nikilikataa, Bwana atauliza kwa nini nakataa. Atasema nimekula kiapo cha watu wa msituni. Lori litarudi. Nikilichukua, watu watasema nilikuwa ndani ya gunia. Niambie wewe, nifanye nini?"

Mama akanyoosha kidole nje. Kabuti likatundikwa nje, chini ya ukingo wa paa, na mimi nikaliogopa kama mtu. Upepo ukilitikisa nililiona likiinamisha kichwa.

Siku zile mpaka Jumamosi nilijifunza woga una ladha gani. Ni kama kulamba sufuria ya chuma. Watoto hawakunitukana tena kwa chumvi. Kijana mmoja wa wapalilia alipita kisimani akajivika gunia la kahawa kichwani, akaniinamia mara moja, akaenda zake akicheka. Wangari aliona. Hakucheka, wala hakuja kuketi nami. Nyumbani mama alianza kulala na nguo zake zote na ndoo ya maji kando ya mlango. Kwenye shamba la jirani nyumba ilikuwa imechomwa, mlango umefungwa kwa nje. Alikuwa akifikiria hilo, ingawa hakulitaja. Nilikuwa nikimwona anavyopima mlango kwa macho.

Jumamosi mama alienda akasimama mahali pake pa zamani, kati ya wake za wakamuaji. Akashusha macho. Ulisikia tu kipimo cha Festo kikikwangua debe. Mama Akinyi akapewa, Tapkigen akapewa. Nyambura akasogea na mfuko wake, na Festo akauzuia kwa mkono.

"Wewe unga wako leo ni wa mwisho. Mke wa msimamizi wa maziwa aje mbele."

Mama hakusogea. Aliukumbatia mfuko wake kifuani.

"Rasoa!" Festo akapaza sauti. "Huna masikio? Ama nimwambie Bwana hutaki unga wake?"

Mama akatoka mstarini. Tukatembea mimi na yeye, na kila mwanamke tuliyempita alivuta mfuko wake karibu, usiguse wetu. Tulipofika mbele, mama akaufungua mfuko kwa mkono mmoja, maana mwingine nilikuwa nimeung'ang'ania. Mdomo wa mfuko ukawa unajifunga wenyewe. Festo akainua kipimo akangoja. Watu wote walikuwa wakimtazama Nyambura, na Nyambura alikuwa akitazama mfuko.

Alikuwa na uwezo wa kutumaliza, rafiki yangu, bila kusema neno, bila hata kuinua mkono. Angegeuka tu aende nyuma ya mstari. Ungefika usiku mmoja, na ndoo ya mama isingetosha.

Nyambura akapiga magoti. Akaushika mdomo wa mfuko kwa mikono yote miwili, akaupanua. Festo akamimina. Unga ulipanda kama moshi kati ya nyuso zao, na ndani ya moshi ule nilimsikia Nyambura akisema chini chini, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha yao ya pamoja:

"Rasoa, mimi sijui. Mungu anajua. Lakini watoto wetu wamelala ngozi moja."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Akinyi alijaribu, kikatoka kama kikohozi. Mama akaichukua karatasi ya sukari, akaifungua papo hapo kama desturi ilivyotaka, na kwa muda hakuna mtoto aliyesogea. Halafu Wangari akaja. Akachukua, akalamba, na wengine wakamfuata. Tukapona. Hakuna aliyetuchomea nyumba, hakuna aliyetunyima moto.

Kabla kahawa ya mwaka ule haijaiva, Nyambura na watoto wake walipakiwa kwenye lori na wengine wengi wa kabila lao, wakarudishwa upande wa pili wa milima, kwenye rizavu, eneo walilotengewa na serikali. Njoroge hatukusikia habari zake tena. Baba alifanya kazi ya usimamizi miaka mingi, akaongezwa na kuongezwa, na sisi tukasoma kidogo kwa nyongeza hizo. Kabuti halikuingia nyumbani hata siku moja. Chai alikunywa bila sukari mpaka akafa, na kila mtu alidhani ni tumbo. Sikuwahi kumsikia mama akimwuliza alikuwa wapi asubuhi ile. Mimi pia sikumwuliza. Kuna maswali ambayo mtu huyalea nyumbani kama mgonjwa, anatembea kwa vidole asiyaamshe.

Shamba lile lilikatwa vipande baada ya Uhuru, kahawa ikang'olewa, pakapandwa mahindi. Nilipita huko mwaka fulani, nikaona stoo imekuwa nyumba ya mtu, mtoto ameketi mlangoni anakula ndizi. Mstari umepotea, na mikono ya kushika mfuko imepotea nao. Wajukuu wangu wanapanda vyeo kwa barua na simu, wanaingia kwenye viti ambavyo bado vina joto, na hawajui ni la nani. Sisi tulilijua sana. Sijui ni lipi baya zaidi.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nimewataja kwa majina kwa sababu majina hayajanitoka, lakini uzee ni mwizi, huenda umebadilisha kitu bila kuniambia. Kama Tapkigen ndiye aliyesimama mbele na si Mama Akinyi, nisahihisheni. Kama bonde lile lina mtu anayemkumbuka Festo kuwa mwema kuliko nilivyosema, aseme. Na wewe Wangari, kama bado uko hai na kuna mtu wa kukusomea haya, mimi nasema baba alikuwa barabarani, na makopo yake, akingojea lori lililochelewa. Kama mama yako aliwahi kukuambia vingine, nisahihishe wewe. Ila umtume mtu aje mchana, maana usiku bado nauogopa mlango, na anikute nimeketi.