Kugawana na Kugawanyika

Rafiki yangu alitoka Bukavu, mimi natoka Voi. Tulikutana ughaibuni, Stratford, katika nyumba ya kutunzia wazee tulikofanya kazi, na kwa miaka kadhaa tuliishi flati moja: yeye, binti yake mdogo, na mimi. Neno lake kubwa lilikuwa "tugawane". Akipika sombe, kisamvu cha kwao, tugawane. Mkubwa wetu akimpa mapumziko ya Jumamosi na Jumapili, alinijia mbio: "Dada, chukua siku moja, tugawane." Hata mafua, alisema, tuligawana kama ndugu.

Jumapili tulisali pamoja, Wakongomani na Wakenya, katika ukumbi wa kukodi. Kisha mivutano ikaanza. Sisi tulitaka ibada iishe mapema, maana wengi wetu tulikuwa na shifti ya mchana. Wao walisema mtu hawezi kumwimbia Mungu huku anatazama saa. Ukaitishwa mkutano. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema kwa upole, "Ndugu zangu, tusiseme tumegawanyika. Tuseme tumegawana."

Watu wakacheka, wakapumua. Na kweli tukagawana. Wao walichukua ngoma na kinanda, wakabaki ukumbini. Sisi tulichukua spika na masufuria, tukahamia darasa la shule ng'ambo ya reli.

Jioni ile rafiki yangu alikuwa akiosha vyombo. "Ule mzee anatubembeleza," akasema. "Kitu mukigawana, kila mutu anapata yake. Sasa miye nimepata nini?"

Nikachukua kitambaa nikafuta sahani.

Hatukugombana hata siku moja. Jumapili tulitoka mlango mmoja, yeye akapinda kushoto, mimi kulia. Mwanzoni, tukirudi, tulisimuliana mahubiri. Baadaye tukaacha, kwa sababu kila habari ilikuwa na mtu ndani yake aliyemuudhi mwingine. Kisha akapata nyumba ya kupanga ya halmashauri huko Neasden, akahama na binti yake. Kutoka Stratford ni treni moja, hubadilishi popote. Ndiyo maana inaniuma. Tuliandikiana kwenye simu, "Tutaonana wiki ijayo," "Mungu akipenda," miaka ikapita hivyo, mpaka siku binti yake aliponipigia akilia, akaniambia kwa Kiingereza kwamba moyo wa mama umesimama.

Msibani vikundi vyote viwili vilikuja. Bila mtu kupanga, wao waliketi upande huu, sisi upande ule, kila upande na kwaya yake na vyakula vyake. Binti sasa alikuwa mwanamke mzima. Tangu utotoni alielewa Kiswahili lakini alikuwa akijibu kwa Kiingereza. Siku ile alisimama, akasema atazungumza lugha ya mama yake.

"Mama alipenda neno moja," akaanza, akitafuta kila silabi. "Nawashukuru wote. Asanteni kwa kugawanyika."

Yule mzee wa kanisa akainamisha kichwa. Mwanamke mmoja upande wao akaanza kulia, akatoka nje. Binti akadhani watu wameguswa, akaendelea, "Mama angefurahi kuwaona mkigawanyika hivi."

Baadaye jikoni akaniuliza kwa nini watu walimtazama vile. Nikamweleza kwamba alitaka kusema kugawana, na tofauti yake ni nini. Akajishika mdomo.

"Lakini, Auntie, si ni karibu neno moja?"

"Ni karibu, mwanangu," nikamwambia. Nikamkumbatia.

Baada ya mazishi tulisali pamoja kwa Jumapili chache. Watu walikuwa wapole, wakipisha wenzao mlangoni. Kisha mtu mmoja akaondoka katikati ya wimbo kuwahi shifti, mwingine akaguna, na pole pole kila upande ukarudi kwake.

Mimi nilikwenda Neasden kumwona binti. Hata siku moja sikuwahi kuingia nyumba ile mama yake akiwa hai. Alinionyesha vyumba, na katika kile kidogo cha nyuma palikuwa na kitanda kimoja.

"Mama alikinunua tulipohamia tu," akasema. "Alisema wikiendi utakuwa unakuja kulala."

Nikaketi pale ukingoni. Godoro lilikuwa bado limefungwa nailoni yake ya dukani.