Gimbo na Meza ya Mama

Mafundi wa Mbinga wanajua ugonjwa mmoja tu: madabodi. Wapelekee simu, redio, blenda, nadhani hata pasi ya mkaa, watakutazama kwa huruma na kukuambia madabodi imekufa. Aliye karibu na stendi nilimpelekea gimbo yangu, ule mkono wenye mota tatu unaoshika kamera isitikisike mpiga video anapotembea. Akaishika kichwa chini miguu juu.

"Kaka, hapa madabodi imekwenda," akasema. Hata skrubu moja hajafungua.

Nikamnyang'anya. Gimbo ilikuwa inatetemeka kama mwenye malaria, na zilibaki siku tatu dada yangu aolewe Kihagara, kanisani kwa bwana harusi, kule chini ziwani. Mama alikuwa amevunjika nyonga. Kumteremsha kwenye zile kona hadi Nyasa ingekuwa kumuua.

"Nenda wewe," aliniambia. "Harusi ya binti yangu nitaiona kwa macho yako."

Macho yenyewe ndiyo hayo, yenye homa. Niliogopa kweli.

Nikaifungua nyumbani Mbuji kwa bisibisi ya miwani. Ndani ya mota nikakuta grisi nzito imeganda, na ganda la kahawa limenasa humo. Nani alipaka grisi ya mashine ya kumenyea kahawa kwenye mota ndogo kama kifuniko cha soda? Mimi. Msimu uliopita ililia kidogo, nikaona kinachomfaa baba mashambani kitanifaa na mimi. Ninawacheka mafundi wa stendi, lakini wao angalau hawakuiharibu. Nikasugua kwa spiriti na mswaki mpaka mota ikazunguka laini.

Ikabaki kuifundisha upya kusimama wima. Maelekezo kwenye simu yalisema: iweke mahali palipo sawa kabisa, kisha usiiguse.

Sawa kabisa! Aliyeandika hayo hajawahi kufika Umatengo. Sisi hata mahindi tunayalima ubavuni mwa mlima. Nyumba ya mama imechongewa mteremkoni, sakafu inafuata mlima, meza inafuata sakafu. Tambarare kwetu ni mahali ambapo kiazi hakibingiriki. Basi nikaiondoa runinga mezani, nikaweka kiazi mahali pake. Kikatulia.

"Hapo pako sawa, baba," mama akathibitisha kutoka kitini.

Hakuna kati yetu aliyejiuliza kama kiazi chenyewe kilikuwa cha mviringo. Kilikuwa na mabonde kushinda kijiji. Simu yangu ina pimamaji ndani yake, lakini niliona pimamaji ni ya watu wasiojua kwao. Nikasimamisha gimbo pale pale, kamera ikitazama ukuta, ikatulia ikijifunza meza ya mama.

Kihagara nilitembea kwa maringo. Nilimfuata bibi harusi mlangoni mwa kanisa, nikapita na maharusi kando ya chanja za kuanikia dagaa wa usipa, nikawasimamisha ufukweni na ziwa lote nyuma yao. Picha haikutetemeka hata kidogo. Jua lilikuwa kali, kioo cha kamera nilikiona kwa shida, na mtu anayejisifu haoni vizuri hata kivulini.

Siku mbili baadaye nikatuma kipande kwenye kundi la harusi. Shemeji yangu akanijibu kwa sauti, watu wakicheka nyuma yake.

"Shemeji, mbona ziwa letu umelimwagia Msumbiji? Au nyie watu wa milimani mkiona maji yametulia mnaumwa kichwa?"

Nikatazama. Kweli, ziwa lilikuwa linateremka. Kanisa limeinama, padri ameinama, maharusi wamesimama kama watu wanaosubiri kuteleza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Watu wa ziwani wangenicheka wapendavyo, ni utani wetu. Lakini mama alikuwa na harusi hiyo moja tu ya kuona, na mimi nilikuwa nimeipindisha.

"Mama, subiri kidogo, nikainyooshe kwenye kompyuta," nilimwambia. "Imepinda."

"Weka hivyo hivyo. Nimesubiri vya kutosha."

Nikaiwasha runinga, iliyokuwa imerudi mezani pake. Mama akasogeza kiti. Dada akatoka kanisani. Wakafika ufukweni, nami nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, mama alikuwa analia huku anacheka, na ziwa nyuma ya binti yake lilikuwa limelala sawa, tulivu kama uji bakulini. Runinga ilikuwa imeinama na meza, kamera ilikuwa imejifunza kuinama na meza hiyo hiyo, na humo ndani, katika nyumba hiyo moja duniani, hakuna kilichopinda. Nikakaa sakafuni nikalia na mimi.

"Imepinda wapi?" mama akauliza.

"Wakwe zako wa ziwani wanasema imepinda."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Waambie wakarekebishe nyumba zao."