Laptopu ya Shemeji Iliyokataa Kufunguka

Nilipokuwa kijana mwenye nguvu zangu nilikuwa nikisukuma mkokoteni Marikiti. Siku moja nimepakia mafenesi mpaka juu, gurudumu likaingia shimoni, mafenesi yakateremka njia nzima kama watoto walioachiliwa kutoka chuo cha Kurani. Watu walicheka. Muuza ndizi mmoja, Mungu amsamehe, alicheka hata akakaa chini. Aliyekuja kunisaidia ni karani mmoja kijana, suruali nyeupe, viatu vyang'ara. Akalikumbatia fenesi lililopasuka, ulimbo ukamganda kifua kizima.

Nikaona haya, nikampeleka kwetu Kibokoni, mama amtoe ulimbo kwa mafuta ya nazi. Kesho yake akarudi kushukuru. Kesho kutwa akarudi kushukuru tena. Wallahi hakuna mtu anayeshukuru mafuta ya nazi mara nne. Kumbe ni dada yangu, aliyekuwa akimletea chai. Basi ndivyo nilivyopata shemeji. Ya harusi nayaacha, maana nikianza na biriani iliyoungua sitarudi hapa.

Shemeji alifanya kazi Kilindini, ofisi ya kutoa mizigo bandarini, mpaka akawa na mvi. Mwishoni mwa miaka ya tisini ofisi ikampa laptopu, kitu kizito kama jiwe la kusagia, amalizie kazi nyumbani. Kazi aliimaliza upesi, akaingia katika mambo yake, nasaba ya watoto wake. Alizunguka baraza hii na hii akiuliza wazee: fulani mwana wa nani, nyanyake alitoka wapi, pande zote mbili, kuumeni na kukeni. Akirudi aliyapiga chapa yote katika laptopu ile. Wazee wale wakafa mmoja mmoja. Yeye naye akawafuata, asubuhi moja, akifunga kamba za viatu aende kazini.

Ofisi ikaja kuchukua laptopu yake. Hatukukataa. Dada yumo edani, nani alikuwa na akili ya kuuliza kilichomo ndani?

Baada ya wiki mbili, alasiri, akabisha hodi fundi wa kompyuta wa ile ofisi, Mgiriama wa upande wa Kaloleni, msalaba mdogo shingoni, na laptopu kwapani.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa."

Akanieleza. Alitaka kuiweka mashine mfumo mpya apewe karani mwingine. Kila akitia disketi zake, mashine yamwambia diski ya ndani imefungwa. Alidhani ni waya umelegea, akafungua skrubu zote. Akaitoa diski akaitia katika mashine nyingine, ni vile vile. Kufuli limo ndani ya diski yenyewe, na ufunguo wake ni neno alilolitia marehemu. Kesho mkubwa wake akiiona bado imefungwa, diski itatupwa, itatiwa mpya.

Dada alikuwa juu, amesikia yote dirishani. Akaniita. Nilipopanda alikuwa amesimama.

"Kaka, nasaba imo mle. Wale wazee wameshakufa. Nitamuuliza nani tena?"

Mwanamke wa eda hakai na mwanamume asiye maharimu wake, kwa hivyo fundi alikaa kwenye daka, pale mlangoni, waya wa umeme umepitishwa dirishani, nami na magoti yangu nikawa ndimi simu. Napanda, naulizia, nateremka. Jina la kitinda mimba? Siyo. Jina la kifungua mimba? Siyo. La mamake? Siyo. Kila makosa matatu mashine yajifunga, fundi aizime aiwashe upya. Nami, kwa ujinga wangu, kila neno nalitamka kwa sauti, na watu waliokaa barazani nje wakasogea.

"Jaribu Bismillahi!"

"Jaribu jina la timu yake!"

"Nyinyi mwafungua kompyuta au mwapunga jini?"

Nikapanda mara ya saba, nahema. Dada amejifunika uso kwa mtandio.

"Kaka, nalijua."

"Wewe walijua! Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Alinambia mwenyewe."

"Na magoti yangu haya?"

"Ndilo jina alilokuwa akiniita. Tukiwa wawili." Akageukia ukutani. "Nitalitamkaje mbele yako, nawe walipeleka barazani kama mnadi samaki?"

Ningemwambia aandike, lakini dada hajui herufi za kizungu, ni zile za Kiarabu za chuoni tu. Akiandika, fundi hawezi kusoma. Ninayeweza ni mimi, kakake. Mwishowe akachukua kalamu, akaandika, akaikunja karatasi mara nne.

"Msomee sikioni. Na ukishasoma usinitazame mpaka kesho."

Nikaisomea ngazini. Sitaliandika hapa. Ila nitasema kwamba yule shemeji yangu mkimya, niliyedhani hajui ila mizigo na kodi, alikuwa mtu wa mahaba. Niliwafukuza wa barazani, nikamnong'oneza fundi. Hakucheka. Akaandika kwa vidole viwili, na diski ikafunguka.

"Mzee, kabla sijafuta, twaokoa nini?"

Kwetu hakuna kompyuta, disketi ingetufaa nini? Basi akawasha mashine kwa disketi yake, herufi nyeupe katika weusi, akaanza kunisomea, nami naandika kwa herufi za chuoni katika daftari la mwanangu. Fulani bin fulani bin fulani. Dada akateremka, akakaa nyuma ya pazia la mlango wa kati.

"Huyo si wa mke mkubwa, kaka. Ni wa mke mdogo."

"Hapa yaandikwa mkubwa, mama," fundi akasema.

"Basi aliyemwambia alimdanganya. Andika mdogo."

Tukafika kizazi cha sita cha upande wetu, fundi akasita. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu bibi ametoka Kaloleni. Mgiriama." Akaniangalia mimi, akaliangalia pazia. "Kumbe mimi ni mjomba wenu! Haya, niamkieni."

Nyuma ya pazia dada akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wapwa zangu. Mwambieni huyu mzee aandike vizuri, jina la bibi yangu lisiharibike."

Jina la mwisho tuliliandika adhana ya magharibi ikianza. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akabonyeza, na mashine ikaanza kufuta na kuweka mfumo mpya. Akanywa kahawa, akala haluwa, akakunja waya wake.

"Mjomba, karibu tena," dada akasema.

"Nitakuja, mpwa wangu."

Akaitia laptopu kwapani, akakata kichochoro cha msikitini, wala hakurudi tena.