Kamera ya Mtu wa Butembo

Wakati ule wa vita, barabara ya Walikale ikifungwa leo na kufunguliwa keshokutwa, mpiga picha wa mji wetu mdogo wa Kashebere alikuwa mmoja tu, na ndiye mimi. Kamera yangu ya dijitali ilikuwa ndogo, na mlango wa betri nilikuwa nimeufunga kwa mpira wa baiskeli usije ukaanguka. Wachimbaji waliokuwa wanaelekea machimbo ya Omate walipita kwangu kwanza, ili wake zao wabaki na sura. Watu waliokimbia nyumba zao mikono mitupu walikuja kupigwa picha za familia upya. Picha zilisafishwa Goma, dereva akazirudisha ndani ya bahasha. Nilijiona mtu.

Kisha akaja mtu mmoja wa Butembo, mdogo wa mwenye duka la vitambaa. Kamera yake ilikuwa nyeusi, nzito, yenye lenzi ya kuzungusha kwa mkono. Picha zake zilionyesha hata jasho la pua, na milima nyuma ikafifia taratibu. Wateja wangu walianza kupita mlangoni kwangu wakiangalia chini. Yeye mwenyewe alikuwa mpole. Kila asubuhi alinisalimia, "Jambo, kaka," nami nilimjibu kwa kikohozi.

Haikuchukua muda, mdogo wa mke wangu akawa anaolewa. Mama mkwe aliniita pembeni.

"Mukwe, weye utakuja kukaa, utakula. Kazi ya foto tumemupatia ule wa Butembo."

Siku ya harusi nilikaa. Nilipewa kasiksi, pombe ya ndizi, sikuisikia ladha. Nikamwona mtu wa Butembo anapiga goti na kamera mbele ya mke wangu, anasema neno, na mke wangu anacheka mpaka kichwa kinarudi nyuma. Mimi nilikuwa nimempiga picha mara nyingi, na kila mara alisimama kama mtu anayengojea kadi ya uchaguzi.

Picha ile iliporudi kutoka Goma, mke wangu aliibandika ukutani, juu ya meza.

"Alikuambia nini?" nikauliza.

"Nani?"

"Ule fotografe."

"Alisema nisogee pa mwangaza."

"Mwangaza njo unachekesha hivyo?"

Aliniangalia kidogo, akaendelea kuchambua maharage.

Tangu siku hiyo nilikuwa na wazo moja: kamera kubwa. Mke wangu aliuza mafuta ya mawese, na pamoja na wenzake walikuwa na likelemba. Kila mwezi mmoja wao alichukua mchango wa wote. Zamu yake ilikuwa karibu, na paa la jiko letu lilikuwa linavuja. Nilimwomba pesa ile, nikimweleza habari za wateja, harusi, mapato. Nilisema kama mwanasiasa.

"Papa watoto," akanikata, "unataka aparei, ao unataka kushinda ule muntu?"

"Nataka kazi."

"Basi mi nangojea mabati yangu."

Hapo nikafanya jambo baya. Pale watu walipokuwa wanapakia magari, nilianza kusema kwamba picha za yule bwana zinafutika mvua zikianza, kwamba wino wake ni wa kudanganya. Niliwaambia wawili, watatu. Kufikia Jumapili, kanisa zima lilijua. Mama mmoja aliyekuwa amepigwa picha pamoja na mume wake kabla hajafariki alikimbia kwa mtu wa Butembo analia, anauliza kama uso wa mume wake utapotea.

Mke wangu alirudi kutoka kanisani, hata kitambaa cha kichwa hakukivua.

"Njo weye ulisema?"

Nilitaka kukana. Niliona uso wake, nikashindwa.

"Njo mimi. Wivu unanikula. Juu ya kazi, na juu yako pia. Ulimuchekea. Mimi haujawahi kunichekea hivyo mbele ya aparei."

Alikaa kwenye kiti.

"Weye ukiwa na aparei unanigombeza," akasema. "'Simama sawa, funga mudomo, usiharibishe foto.' Nitacheka namna gani?" Halafu akasema, "Leo umenipatia ukweli. Ungeanzia hapo. Vaa viatu, twende kwake."

Tulimkuta anafunga mizigo. Risasi zilikuwa zimesikika upande wa Masisi siku tatu mfululizo, na kaka yake alikuwa anafunga duka. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, mbele ya mke wangu. Alikaza kamba ya mzigo.

"Ule mama mwenye ulilizisha, njo utamuendea yeye pia," akasema. "Mimi narudia Butembo. Aparei naiuzisha hapa. Kwenye vizuizi vya barabara, wenye bunduki watainyanganya tu."

Mke wangu ndiye aliyejadili bei, kama anajadili dumu la mafuta yake ya mawese. Tuliongeza kamera yangu ndogo, ambayo angeificha mfukoni, na nguruwe wetu mmoja, na zamu yake ya likelemba ikaenda yote. Njiani kurudi aliniambia kwamba msimu ule nitapika mimi kila siku ya mvua. Na nilipika, maji yakinidondokea shingoni.

Kabla ya kuondoka, mtu wa Butembo alinifundisha siku mbili: mwangaza, lenzi, jinsi ya kuongea na watu kwanza ndipo ubonyeze. Nilikwenda pia kwa yule mama mjane, na alinisikiliza akiwa mlangoni, bila kunikaribisha ndani.

Wateja walirudi. Lakini kila mmoja aliuliza, "Iko ile aparei ya mutu wa Butembo?" Nikisema ndiyo, alitabasamu na kukaa. Kwa miezi kadhaa nilimwonea wivu mtu aliyekuwa mbali, mwenye kamera yangu ya mpira wa baiskeli. Siku moja mzee wa Itebero, aliyetembea siku mbili msituni na wajukuu zake, alishika picha yake iliporudi kutoka Goma, akauliza nani alinifundisha kazi. Nilimwambia. Nilisikia sauti yangu inamtaja mtu wa Butembo bila kukwama kwa wivu, nikamwita mteja aliyefuata.