Kisamvu cha Mama Mdogo Asteria

Sisi tuliokulia Shishiyu enzi zile, mboga tuliijua tangu shambani. Nsansa, yale majani makavu ya kunde, tuliila na karanga za kutwanga mpaka tukalamba vidole. Ila kitu kigeni hakikuingia jikoni kabla bibi yetu, Mayu Kabula, hajakinusa.

Kwa hiyo baba mdogo Masanja alipomleta mke kutoka Masasi, tulipiga vigelegele huku macho yakiwa kwenye kifurushi chake. Kilijaa korosho. Hatukuwahi kuziona, tulidhani ni figo za mnyama zilizokaushwa. Wiki ileile mama mdogo Asteria akachuma majani ya muhogo, akatwanga, akapika, akatenga.

"Hii nini?" bibi akauliza.

"Kisamvu, mama. Nimetia korosho za kusaga."

Bibi akasukuma bakuli. "Mbuzi wa jirani alikufa kwa majani haya. Na huo weupe ni dawa gani? Watoto, msiguse!"

Mama mdogo akala peke yake, sote tukimkodolea macho. Asubuhi tukamkuta anafagia uwanja, mzima kabisa.

"Mwenye dawa ataumwaje na dawa yake?" bibi akatunong'oneza, nasi tukaamini.

Maneno yakafika kisimani. Wanawake wakaacha kumwazima kinu. Mwishowe tukamkuta anafunga mizigo yake, machozi yanamtoka.

"Nipeleke Malampaka nikapande treni," akamwambia mumewe. "Nilikuja kuolewa, sikuja kuua mtu."

Baba mdogo akamgeukia mama yake kwa uso uliotutisha.

Bibi akasimama. "Fungua huo mzigo. Leo napika mwenyewe. Wewe kaa hapo uniambie."

Akatwanga yale majani mpaka jasho likamtoka. Akayachemsha, akayachemsha tena, kila mara akinusa mvuke. Korosho moja akaitafuna mbichi, amefumba macho. Kisamvu kilipoiva akatutoa nje wote. "Ng'ombe wakirudi nikiwa mzima, mtakula."

Jua lilikataa kushuka siku hiyo. Ng'ombe walipoingia zizini tulikimbilia jikoni, mama mdogo nyuma yetu, ameshika kifua. Bibi alikuwa mzima. Sufuria ilikuwa tupu.

"Kesho tutwange mengi, ng'wanone, mwanangu wewe," akamwambia mkwewe, akijifuta mdomo. Mama mdogo akaketi palepale chini, akacheka huku analia.

Siku hizi naishi Bariadi mjini. Wanangu huagiza chakula kwa simu, bodaboda akakileta, wakakipiga picha, wakala. Nikiuliza nani amepika, wananicheka: "Mama, kwani unataka kumjua wa nini?" Nafungua kile kiboksi, nanusa, na natamani jikoni kuwe na mtu wa kumuuliza.