Mzimu Uliokatwa Kwenye Video

Saa kumi na mbili asubuhi, mvua ya mji wa Apia ikiwa haijaamua kama inakuja au inaondoka, Lagimaina Vaeluaga anawasha kompyuta ya redio na kuanza kufuta.

Anafuta picha za utupu. Anafuta vitisho. Anafuta mwalimu aliyeitwa mwizi bila ushahidi. Kwa ujira wa tala mia mbili kwa wiki, mama huyu wa miaka 44 ndiye bawabu wa ukurasa wa redio mtandaoni.

"Katiba inasema: sema," anasema taratibu, macho yake dirishani. "Halafu inavuta pumzi, inasema: lakini. Mimi naishi hapo kwenye lakini."

Jumatatu anapanda kizimbani yeye mwenyewe.

Mwezi uliopita, kwenye sherehe kijijini kwao, kisiwani Savaii, mjomba wake Fereti, mchekeshaji, alijifunika shuka, akatetemeka, akalitupa. Kwa desturi ya tangu enzi za mababu, hapo mzimu umeshamwingia mchekeshaji. Anayesema ni mzimu, na mzimu haushtakiwi. Ukamuuliza chifu Sagale mbona tangi la kijiji linajaza ndoo za nyumbani kwake tu. Watu walicheka hadi machozi. Chifu naye.

Lagimaina alirekodi video. Akaona mambo ya shuka yanachosha, akayakata, akaituma mtandaoni. Ikabaki sura ya mtu mwenye akili timamu akimwita chifu mwizi.

"Miaka kumi na mmoja nafuta ya wenzangu," anasema. "Ya kwangu nikaiona tamu!"

Chifu alikwenda polisi. Wakili anasema huenda ikawa miezi mitatu jela. Lagimaina akampigia chifu simu.

"Mzee, si ulicheka mwenyewe?"

"Nilicheka, mwanangu. Niliucheka mzimu. Mjukuu wangu kule Auckland mzimu hakuuona. Kanipigia analia: babu, unaiba maji?"

Maneno hayo yanamuuma kuliko kesi. Mjomba naye hamwachi: "Umenivua mzimu hadharani, mpwa wangu. Bora ungenivua nguo!"

Chini ya meza yake umekunjwa mkeka mwororo wa mama yake. Jumamosi, kabla jua halijatoka, ataketi mbele ya nyumba ya chifu akiwa amejifunika mkeka huo gubigubi, kama wanavyoketi waliokosa wanapoomba radhi. Chifu atatoka aufunue, maana yake amesamehe, au atamwacha hapo mpaka jioni. Anaogopa, na anasema hivyo.

"Nitaomba radhi kwa kukata," anasema, akiusukuma mkeka ndani zaidi kwa mguu, usije ukalowa mvua ya dirishani. "Swali la maji silifuti."